Gunia la Ishirini Latoka Wapi?

Kila mwaka mwezi wa Machi uingiapo, mji wa Kitale hubadilika sura. Malori ya mbolea husimama mbele ya maghala, matrekta hupita barabarani tangu alfajiri hata usiku, na katika maduka ya mbegu watu hupanga mstari, kila mmoja na orodha yake mkononi: mbegu ya 614 kilo ishirini, mbolea ya kupandia magunia mawili, dawa ya viwavi chupa moja. Ukishuka kutoka huko kwenda Kimilili, Chwele na Bumula, katika kaunti ya Bungoma, mambo ni yale yale, illa magunia ni machache na plau ya ng'ombe yashika mahali pa trekta.

Mavuno yakiisha kuingia ghalani, hesabu huanza. Mtu aliyevuna magunia ishirini kwa ekari hutajwa sokoni, hutajwa kanisani, na pengine hujitaja mwenyewe. Hapana ubaya. Ni kazi ya mikono yake, na aliyelima apaswa kufurahi. Lakini liko swali moja ambalo watu wachache hujiuliza, hata miongoni mwa wale waliosoma: lile gunia la ishirini lilitoka wapi? Je, lilitoka katika mbegu, au katika mbolea, au lilikopwa ardhini bila ya mwenye deni kujua kwamba amekopa?

Ili kulijibu swali hili yafaa kurudi nyuma kidogo. Mahindi si nafaka ya asili ya nchi hii. Wazee wa Kibukusu walikula wimbi na mtama, na hata leo ugali wa wimbi wapewa heshima ambayo ugali mweupe haujaipata. Mahindi meupe yenye punje bapa yalienezwa kwa wingi na walowezi waliopewa mashamba ya Trans Nzoia baada ya Vita Kuu ya kwanza, nao waliyaleta kutoka Afrika ya Kusini. Watu walioajiriwa katika mashamba hayo walirudi makwao na mbegu mifukoni, na hivyo mahindi yakashuka mlima mpaka Bungoma pasipo amri ya mtu yeyote. Wakati wa vita ya pili bei aliyolipwa mlowezi kwa gunia ilikuwa juu kuliko ile aliyolipwa Mwafrika kwa gunia kama lile, jambo ambalo wazee walilikumbuka kwa muda mrefu. Hata hivyo hawakuacha kuyapanda.

Mwaka 1955 kazi ya kutafuta mbegu bora ilianzishwa Kitale chini ya Bwana Michael Harrison. Kwanza walichagua yaliyo mazuri katika mahindi ya wakulima wenyewe, na kazi hiyo ikazaa mbegu iliyoitwa Kitale Synthetic II. Kisha ikaonekana kwamba mahindi yote ya nchi hii ni ndugu wa karibu mno, na ndugu wakioana hapatikani nguvu mpya. Kwa hiyo Bwana Harrison akaenda kutafuta mahindi ya mbali, huko Amerika ya Kati na ya Kusini ambako ndiko asili ya mmea huu. Miongoni mwa aliyoyaleta mlikuwamo mahindi kutoka milima ya Ecuador, yaliyopewa namba 573. Yalipochanganywa na yale ya Kitale, mtoto aliyezaliwa aliwashinda wazazi wake wote wawili. Katika majaribio alizidi Kitale Synthetic II kwa kadiri ya asilimia 40. Huyo ndiye H611, mbegu chotara iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964, muda mfupi baada ya Uhuru.

Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa papo hapo Kitale mwaka 1956 kwa ajili ya mbegu za majani ya malisho, ndiyo iliyochukua kazi ya kuzalisha mbegu hii na kuiuza. Nayo ilifanya jambo la busara. Haikungoja mkulima afunge safari kwenda mjini, bali iliwapa mbegu wenye maduka madogo ya vijijini, wale wale wauzao chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Mtu aliyekwenda kununua kiberiti aliona mfuko wa mbegu. Mtaalamu mmoja Mmarekani, John Gerhart, alichunguza habari hizi na kuziandika mwaka 1975. Aliona kwamba wakulima wa magharibi ya Kenya waliipokea mbegu chotara upesi sawa na wakulima wa Marekani walioipokea katika miaka ya 1930 na 1940, au hata upesi zaidi. Wale wasemao kwamba mkulima mdogo ni mgumu wa kubadilika yafaa wayakumbuke maneno hayo.

Lakini mbegu ni mwanzo tu wa habari. Mtaalamu mwingine wa Kitale katika miaka ile ya 1960, Bwana A. Y. Allan, alifanya jaribio ambalo lastahili kujulikana na kila mtu mwenye ekari moja. Alipanda mashamba ya namna nne. Katika la kwanza alipanda mahindi ya kienyeji bila mbolea, akachelewa, akayapanda machache, akayapalilia vibaya, kama wafanyavyo watu wengi. Katika la pili akatia mbegu chotara na mbolea ya chumvichumvi, lakini uvivu akauacha pale pale. Katika la tatu akarudisha mbegu ya kienyeji bila mbolea, ila akapanda mapema, akaweka mimea ya kutosha, akapalilia kwa wakati. Katika la nne akayaunganisha yote mema. Shamba la nne lilishinda kwa mbali sana, na hapana aliyeshangaa. La kushangaza ni kwamba shamba la tatu, lisilogharimu senti ya mbegu wala ya mbolea, lililishinda la pili. Bidii peke yake ilizidi fedha peke yake.

Jaribio hilo limekwisha kupita nusu karne, nayo mafundisho yake hayajachakaa. Waona hata leo mtu akopa fedha za mbegu na mbolea, kisha apanda wiki tatu baada ya mvua kuanza. Hapa yafaa kuwataja makarani, walimu na wengineo walio na kazi za ofisini na vishamba nyumbani, wale waitwao kwa mzaha wakulima wa simu. Mshahara huingia mwisho wa mwezi, lakini mvua haifuati kalenda ya Hazina. Mvua ikianza tarehe kumi na fedha za mbegu zikapelekwa tarehe thelathini, zile siku ishirini hazirudi tena, hata kama mbolea ingemwagwa kwa debe. Afadhali mtu anunue mbegu na mbolea mwezi wa Desemba au Januari, azifungie ndani, kuliko kuzinunua Aprili kwa haraka na kwa bei ya haraka.

Tena kuna kosa la kupanda mbegu isiyo ya mahali. Kitale iko juu, kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Bungoma uko kama mita 1,400. Mahindi ya jamii ya 600, kama ile 614 iliyotolewa kwanza katika miaka ya 1970 na ambayo wengi hawataki kuiacha, ni ya nchi ya juu yenye baridi, nayo hukaa shambani miezi sita au zaidi. Katika sehemu za chini za Bungoma jamii ya 500, ambayo hukomaa mapema zaidi, hufaa kuliko hiyo. Lakini kwa kuwa jina la 614 ni kubwa, mtu wa Bumula huinunua kama mtu anunuavyo koti la kaka yake aliye mrefu.

Sasa turudi kwenye gunia la ishirini, na hapa msomaji achukue penseli.

Magunia ishirini ya kilo 90 ni kilo 1,800 za mahindi makavu. Katika kila kilo elfu moja za punje mna kadiri ya kilo 15 za naitrojeni, ile chakula cha mmea kinachofanya majani yawe ya kijani kibichi. Kwa hiyo magunia ishirini yameondoa katika ekari hiyo kilo 27 za naitrojeni, yakapanda lori na kwenda zake Nairobi. Je, mkulima aliweka kiasi gani? Mkulima mwema wa Trans Nzoia huweka gunia moja la DAP la kilo 50 wakati wa kupanda, na gunia moja la CAN wakati mahindi yafikapo magotini. Katika gunia la DAP mna kilo 9 za naitrojeni. Katika gunia la CAN mna kilo 13. Jumla kilo 22. Ametoa 27, ameweka 22. Amepungukiwa kilo 5.

Nayo hiyo ndiyo hesabu ya huruma. Kwa kweli si mbolea yote iwekwayo inayofika ndani ya mmea. Mvua kubwa za Aprili na Mei huichukua nyingine ikaenda chini au mtoni, na nyingine hupotea hewani. Mara nyingi nusu tu, au pungufu, ndiyo inayoliwa na mahindi. Basi katika zile kilo 22 tuseme 11 zimefika. Zilizobaki, kilo 16, zilitoka wapi? Zilitoka katika udongo wenyewe, yaani katika ule weusi wa ardhi uliotokana na majani na mizizi iliyooza tangu zamani za mababu. Na hapo mabua hayajahesabiwa. Nayo mabua, kama ilivyo desturi, ama yalichomwa moto, ama yalikatwa kwa ajili ya ng'ombe wa jirani, ama yalibebwa yakawa kuni.

Karani mwenye kitabu cha akiba katika Benki ya Posta aelewa jambo hili pasipo kufafanuliwa. Mtu akiwa na shilingi elfu mia moja, akatoa elfu tano kila mwaka na kurudisha elfu mbili, ataishi vizuri kwa miaka mingi, na majirani watamwona kuwa tajiri. Lakini siku yaja. Tofauti ni kwamba Posta humwonyesha salio, na ardhi haimwonyeshi. Huonyesha kwa njia nyingine: mahindi yaliyokuwa kijani kibichi yanakuwa na njano chini, gunia moja la mbolea lililokuwa likitosha halitoshi tena, maji ya mvua yaliyokuwa yakizama sasa yanateleza juu ya ardhi iliyoshikamana kama sakafu. Mkulima husema mbolea ya siku hizi haina nguvu. Mara nyingine kweli haina, maana mwaka 2024 iligunduliwa kwamba magunia ya mbolea bandia yalikuwa yamepenya hata katika mpango wa Serikali wa mbolea ya bei nafuu. Lakini mara nyingi zaidi mbolea ni nzima, udongo ndio mgonjwa.

Ugonjwa mkubwa wa udongo wa nchi hii ya magharibi ni uchachu. Wataalamu huupima kwa kipimo kiitwacho pH. Mahindi hupenda kipimo kisichopungua 5.5, na mashamba mengi ya Trans Nzoia na Bungoma yako chini ya hapo. Sababu mojawapo ni mvua nyingi ambazo kwa karne nyingi zimeosha chokaa ya asili. Sababu nyingine ni ile ile DAP iliyotumiwa mwaka baada ya mwaka pasipo kubadilisha, kwa kuwa naitrojeni ya namna yake ikigeuka ndani ya udongo huacha uchachu nyuma yake. Udongo ukiwa mchachu, madini ya alumini huyeyuka na kuichoma mizizi, nayo fosforasi hukamatwa na kufungwa. Angalia hasara hiyo: mkulima ainunua fosforasi kwa bei kubwa, aitia ardhini kwa mkono wake mwenyewe, nayo yawekwa kifungoni mbele ya macho yake, mmea usiipate.

Dawa ya uchachu ni chokaa ya kilimo, ambayo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa yakawa unga. Si mbolea, wala haichukui mahali pa mbolea. Kazi yake ni kuifungulia mbolea mlango. Mawe hayo hayako mbali, maana yachimbwa Koru, karibu na Kisumu. Shida yake ni uzito. Chokaa yatakiwa kwa magunia mengi kwa ekari, na nauli ya lori kutoka Koru hadi Kitale huweza kukaribia bei ya chokaa yenyewe. Kwa sababu hiyo mkulima mmoja peke yake hulemewa, lakini wakulima ishirini wa kijiji kimoja wakikodi lori moja, gharama hupungua sana. Tena chokaa ikisha kutiwa hufanya kazi kwa miaka kadhaa. Ni ajabu kwamba vyama vya ushirika vilivyojua kusafirisha kahawa kwa miaka mingi havijaiona biashara hii.

Kuna wasemao kwamba tiba ni kuacha mbolea ya chumvichumvi kabisa na kurudi kwenye samadi. Maneno hayo ni matamu masikioni, hasa kwa mtu aliyeiona bei ya mbolea mwaka 2022, ilipopita shilingi 6,000 kwa gunia la kilo 50 kabla Serikali haijaanza kuiuza kwa 3,500, na mwaka uliofuata kwa 2,500. Lakini hesabu haikubali. Katika kaunti ya Bungoma watu 1,670,570 walihesabiwa mwaka 2019, zaidi ya watu 500 kwa kila kilomita ya mraba. Jamaa nyingi zina ekari moja au mbili na ng'ombe mmoja au hawana kabisa. Samadi ya ng'ombe mmoja, tena aliyelala nje juani na mvua ikamwoshea mavi yake, haiwezi kulisha ekari mbili. Kinachotakiwa ni kutumia vyote viwili: samadi na mboji kuurudishia udongo weusi wake, na mbolea ya dukani kukamilisha kinachopungua. Samadi iwekwe chini ya kivuli, ifunikwe kwa majani ya migomba, igeuzwe, isianikwe. Mkojo wa ng'ombe, ambao katika mabanda mengi waachiliwa utiririke mpaka njiani, una naitrojeni nyingi. Sakafu yenye mteremko na shimo dogo yatosha kuuhifadhi.

Msaada mwingine watoka katika jamii ya kunde, ambayo mizizi yake huvuta naitrojeni hewani bure. Wakulima wa Bungoma huchanganya mahindi na maharagwe tangu zamani, lakini maharagwe hayo hukaa katika kivuli cha mahindi na hutoa kidogo. Shirika la SACRED Africa lililokuwa na kazi zake Bungoma lilitengeneza na kueneza utaratibu ulioitwa MBILI, jina ambalo kwa Kiingereza ni herufi za mwanzo za maneno marefu, na kwa Kiswahili ni jambo lenyewe: mistari miwili ya mahindi, miwili ya kunde. Badala ya kupanda mistari ya mahindi kila baada ya sentimita 75, mistari miwili yakaribishwa iwe sentimita 50, kisha yaachwa nafasi ya sentimita 100. Mahindi hayapungui hata shina moja, kwa kuwa 50 na 100 zikigawanywa kwa mbili ni 75 ile ile. Lakini katika ile nafasi pana huingia mistari miwili ya karanga, maharagwe au soya, sentimita 33 kwa 33, nayo yapata jua. Kilichoongezwa hapo si fedha, ni kamba ya kupimia tu.

Huko chini, kuelekea Busia, adui mkubwa si uchachu peke yake, bali ni lile gugu lenye maua ya zambarau waliloliita Waluo kayongo, na wataalamu Striga. Huinyonya mizizi ya mahindi kabla halijatokeza juu ya ardhi, na mmea mmoja huacha mbegu kwa maelfu, zenye kudumu udongoni miaka mingi. Hupenda udongo uliochoka. Pale ardhi ilipo na nguvu haliwi na makali hayo. Watu wa kituo cha ICIPE cha Mbita, pamoja na wenzao wa Rothamsted huko Uingereza, waliona katika miaka ya 1990 kwamba mmea wa desmodium ukipandwa katikati ya mistari ya mahindi hulidanganya gugu hilo, likachipua na kufa. Hulisha udongo naitrojeni. Na harufu yake huwafukuza vipepeo wa viwavi wabomoao mabua, ambao huvutwa na majani ya matete yaliyopandwa pembeni mwa shamba. Majaribio katika mashamba ya wakulima yalianza mwaka 1997, na Trans Nzoia ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza. Tangu viwavijeshi vya kigeni vilipoingia nchini mwaka 2017, vikiila Bungoma na Trans Nzoia bila kuchagua tajiri wala maskini, wale waliokuwa na mashamba ya namna hii walipata nafuu. Isitoshe, desmodium ni chakula kizuri cha ng'ombe wa maziwa. Matete yenyewe yamepata ugonjwa wa kudumaa, ambao katika Kenya ulionekana kwanza Bungoma, na kwa sababu hiyo wengi sasa hupanda majani ya brachiaria mahali pake. Kazi ya kwanza ni ngumu, maana mbegu ya desmodium ni ndogo kama ya wimbi na palizi ya msimu wa kwanza huchosha sana. Mwenye haraka hushindwa hapo.

Kuhusu miti na hewa, habari ni fupi. Shirika la Vi Agroforestry liliwafundisha wakulima wa Bungoma na Kisumu kufunika udongo, kutengeneza mboji na kupanda miti, na mwaka 2014, kwa msaada wa Benki ya Dunia, kazi hiyo ilikuwa ya kwanza kupata hati za kaboni kwa ajili ya udongo wa mashamba, katika eneo la kadiri ya hekta 45,000. Fedha zilizomfikia mtu mmoja mmoja hazikuwa za kujengea nyumba. Waliofaidika walifaidika kwa mahindi zaidi, na hilo ndilo walilopaswa kuambiwa tangu mwanzo.

Kuhusu mikopo, shirika la One Acre Fund lilianza Bungoma mwaka 2006 na jamaa wachache, likiwapa wakulima mbegu na mbolea kwa mkopo ndani ya vikundi, na kuwafundisha kupanda kwa kamba. Sasa lafanya kazi katika nchi nyingi za Afrika. Jambo lililolifanya lipendwe ni kwamba mbolea ilifika kabla ya mvua. Lakini mkopo wa mbolea, kama kila mkopo, hulipwa kwa bei ya mahindi, na bei ya mahindi haina bwana. Mwezi wa Novemba, Trans Nzoia yote ivunapo kwa pamoja na malori ya Uganda yakiingia kwa Malaba, Lwakhakha na Suam, gunia huanguka. Mwezi wa Januari ada za shule hudaiwa. Mkulima auza kwa bei ya chini ili mtoto aingie darasani, kisha mwezi wa Juni anunua mahindi yale yale kwa gorogoro, kwa bei ya juu. Magunia yasiyopitisha hewa, ambayo mahindi yaliyokaushwa barabara hukaa ndani yake bila dumuzi na bila dawa, yamesaidia wenye uwezo wa kungoja. Asiye na uwezo wa kungoja hasaidiwi na gunia lolote.

Tena kuna jambo ambalo hakuna bwana shamba awezaye kulitibu. Baba aliyepata ekari ishirini Trans Nzoia kwa njia ya kampuni za kununua mashamba baada ya Uhuru, akiwa na wana watano, amewaachia ekari nne nne. Wana hao nao wana wana. Wajukuu watagawana ekari moja moja, na shamba lililokuwa likipumzishwa mwaka mmoja katika mitatu halina tena nafasi ya kupumzika. Zamani udongo uliochoka uliachwa, watu wakahama. Sasa hapana pa kuhamia, na ile akiba ya ardhi iliyoliwa na baba ndiyo urithi ambao mwana hataupata, hata kama hati ya shamba imeandikwa jina lake vizuri kwa wino mweusi. Katika baraza nyingi za ukoo watu hugombana juu ya mipaka kwa siku tatu, wakipima kwa hatua na kwa kamba. Haijasikika bado baraza ambayo mwana mmoja aliuliza udongo wa sehemu yake una hali gani.

Kwa mwenye nia ya kujua hali hiyo, kazi ni ndogo. Wakati mzuri ni baada ya mavuno, kabla ya Januari kwisha. Achukue jembe safi na ndoo safi, isiyowahi kutiwa mbolea. Apite shambani kwa kupindapinda, achimbe mahali kumi na tano au ishirini mpaka kina cha sentimita 20, na kila mahali achukue udongo kidogo. Asichimbe palipokuwa na zizi, wala chini ya mti, wala kwenye kichuguu, wala pale yalipochomwa mabua, maana hapo udongo husema uongo. Auchanganye wote ndani ya ndoo, aanike kivulini, kisha atie kama nusu kilo katika mfuko safi, aandike jina lake, jina la kijiji na mazao aliyopanda mwaka huo. Sehemu ya mteremko na sehemu ya bondeni ziwe mifuko mbalimbali. Apeleke kwenye kituo cha utafiti cha KALRO Kitale, ama amwulize afisa wa kilimo wa wadi yake maabara iliyo karibu. Majibu yatataja kipimo cha uchachu, na kama chokaa yatakiwa, yatataja kiasi chake kwa ekari. Chokaa hiyo itiwe wakati wa kulima mara ya kwanza na ichanganywe na udongo vizuri, kwa kuwa yahitaji wiki kadhaa ardhini kabla ya mbegu. Ikinunuliwa mwezi wa Aprili, malori ya mbolea yakiwa yamekwisha kuondoka Kitale, mahindi ya mwaka huo hayataiona.